Pete ya chujio la tangi la samaki imevimba: nipake kilainishi gani?

BARUA YA MSOMAJI

Mshauri mpendwa,

Salamu kutoka Morogoro. Mimi ni mwalimu wa shule ya sekondari na mama wa watoto wawili, na nakuandikia kuhusu tangi la samaki ambalo marehemu baba yangu alituachia. Baba alifanya kazi Kigoma kwa miaka mingi, na alipostaafu alirudi nyumbani akiwa na mapenzi makubwa kwa samaki wa Ziwa Tanganyika. Tangi lake lina ujazo wa lita 200, limepangwa mawe hadi karibu na uso wa maji, na katika mianya ya mawe hayo wanaishi samaki wadogo wa njano ambao wamekuwa wakizaliana humo humo tangu yeye alipokuwa hai. Kwangu mimi hawa si pambo la sebuleni, na ndiyo sababu nimeona niulize kabla sijaharibu zaidi.

Chujio la tangi hili ni lile la nje lenye umbo la mkebe, linalokaa ndani ya kabati chini ya tangi na kuunganishwa nalo kwa paipu mbili. Lina umri wa miaka minne hivi. Miezi miwili iliyopita niliamka asubuhi nikakuta mbao za kabati zimelowa, na nilipochunguza nikaona maji yanachuruzika polepole pale kichwa cha mota kinapokutana na mkebe, mahali penye pete kubwa nyeusi ya mpira. Aliyetuuzia chakula cha samaki alisema pete imekauka, akanielekeza nipake mafuta ya mgando. Nilipaka, tena kwa wingi, nikidhani kwamba kadiri yanavyozidi ndivyo maji yatakavyozuilika. Uvujaji ulikoma kwa wiki kama nne, kisha ukarudi ukiwa mbaya kuliko mwanzo. Juzi nilipofungua tena, pete ilikuwa laini na imelegea, na kila nikijaribu kuirudisha kwenye mfuo wake inabaki sehemu inayojikunja na kutokeza nje, kana kwamba imerefuka.

Sasa kila mtu ana dawa yake. Jirani yangu, ambaye ni fundi wa magari, amejitolea kunipa grisi ya beringi. Mama ananihimiza nitumie mafuta ya nazi, kwa hoja kwamba kinacholiwa na watu hakiwezi kudhuru samaki. Shemeji yangu aliye ng'ambo aliniandikia neno moja tu, "silikoni", nami nikaenda duka la vifaa vya ujenzi nikauziwa tyubu yenye jina hilo. Lakini nilipofungua kifuniko ilinuka siki kali, nikasita, na sijaitumia.

Naomba unieleze ni kilainishi gani kilicho salama, kinapatikana wapi, na kama mafuta ya mgando niliyopaka yamekwisha kuwadhuru samaki. Kwa sasa nimeweka karai chini ya chujio na ninamwaga maji kila jioni.

Msomaji wako, Morogoro

JIBU LA MSHAURI

Dada mpendwa,

Pole kwa kuondokewa na mzee, na pole kwa usumbufu wa maji. Nianze na la haraka. Ile tyubu inayonuka siki usiipake kwenye pete ya chujio hata kidogo, na pete uliyonayo sasa usiendelee kuitegemea, kwa sababu dalili ulizozieleza ni za mpira uliovimba, na mpira uliokwisha kuvimba hauwezi kuaminiwa tena kuzuia maji, hata ukiupaka kilainishi kilicho bora kuliko vyote.

Ulisita kwa haki. Katika maduka yetu ya vifaa vya ujenzi neno silikoni humaanisha gundi ya kuzibia nyufa za masinki, madirisha na vigae vya bafuni. Gundi hiyo hukauka na kuwa mpira inapokutana na unyevu wa hewa, na harufu ya siki uliyoisikia ni asidi inayotoka wakati inapokauka. Iko aina yake isiyo na nyongeza, na hiyo ndiyo inayounganisha vioo vya matangi ya samaki. Lakini nyingi kati ya zile zinazouzwa kwa ajili ya bafu zimetiwa dawa ya kuua ukungu, na dawa hiyo ni hatari kwa viumbe wa majini. Hata hivyo, kwako wewe aina haijalishi, kwa kuwa gundi yoyote ya namna hii ingekishikanisha kichwa cha mota na mkebe, na siku ya kusafisha chujio usingeweza kukifungua bila kuvunja kitu. Tyubu hiyo ihifadhi kwa kazi za bafuni.

Alichokusudia shemeji yako, bila shaka, ni grisi ya silikoni, nayo ni kitu kingine kabisa. Ni uji mzito kama marhamu, mweupe au wa kuona ng'ambo, usio na harufu ya kutajika, na haukauki hata ukiachwa wazi kwa miezi. Hutengenezwa kwa mafuta ya silikoni yaliyotiwa unga laini mno wa silika ili yashikamane na yasitiririke. Ukifika dukani usitaje silikoni peke yake. Omba grisi ya silikoni ya kulainishia oringi za mabomba ya maji ya kunywa, maana hilo la oringi ndilo jina ambalo mafundi wetu wameizoesha pete ya namna hii, na ukilisema utaeleweka mara moja.

Nieleze sasa kwa nini grisi hiyo na si nyingine. Kilainishi cha pete ya chujio lazima kikubaliwe na samaki, na lazima kikubaliwe na mpira wenyewe. Wengi wetu huuliza swali la kwanza tu, na hapo ndipo muuzaji wako alipokosea kwa nia njema. Mafuta ya mgando ni zao la mafuta ghafi. Mpira, ingawa unaonekana kuwa kitu kigumu kisichopitisha chochote, una tabia ya kunyonya mafuta ya asili inayokaribiana na yake, na ukiyanyonya hutanuka, hulainika na kupoteza nguvu ya kurudi katika umbo lake. Mpira wa asili hufanya hivyo, na mpira uitwao EPDM, unaotumika sana katika vifaa vya maji, hufanya hivyo vilevile. Mpira wa nitrili, unaotambulishwa kwa herufi NBR, huvumilia mafuta ya namna hiyo vizuri, na ndiyo maana utakutana na watu watakaokuapia kwamba wamepaka mafuta ya mgando miaka kumi bila tatizo. Hawasemi uongo, pete zao ni za nitrili. Shida ni kwamba EPDM na nitrili zote mbili huwa nyeusi, na kwa macho huwezi kuzitenganisha. Pete yako, iliyorefuka mpaka haikai katika mfuo wake baada ya wiki chache tu za mafuta ya mgando, imekwisha kutoa ushahidi wake: si nitrili.

Mafuta ya silikoni hayaingii katika EPDM wala katika nitrili kwa kiasi cha kuzidhuru, kwa hiyo hukuhitaji kujua pete yako ni ya aina ipi. Hayayeyuki katika maji, hayaozi, na hayawi chakula cha bakteria. Liko tahadhari moja ambayo wauzaji wachache huitaja: ikiwa pete yenyewe imetengenezwa kwa mpira wa silikoni, grisi ya silikoni huweza kuivimbisha, kwa kanuni ile ile ya vitu vya asili moja kunyonyana. Pete za silikoni mara nyingi huwa nyeupe za kuona ng'ambo, au nyekundu, au za rangi ya chungwa, ingawa rangi peke yake si uthibitisho kamili. Kwa pete kama hiyo, ilowanishe kwa maji ya tangi tu wakati wa kuifunga, au tumia kile kilichotajwa na mtengenezaji katika kijitabu cha chujio. Yako ni nyeusi, kwa hiyo hili halikuhusu leo, lakini huenda likakuhusu siku ukinunua pete mpya iliyo ya rangi nyingine.

Kuhusu samaki wenyewe, tuliza moyo. Mafuta ya mgando meupe si sumu kwao, na kwa kuwa hayayeyuki katika maji, sehemu kubwa ya ulichopaka ilibaki palepale kwenye maungio. Kama samaki wanakula, wanapumua bila kuhangaika na hawakai juu ya maji wakivuta hewa, basi hawakudhurika. Unachopaswa kuangalia ni kama uso wa maji una utando unaong'aa rangi za upinde wa mvua. Utando wa mafuta hupunguza hewa inayoingia majini, na samaki wa Ziwa Tanganyika wanahitaji maji yenye hewa ya kutosha. Ukiuona, tandaza karatasi ya jikoni isiyo na manukato juu ya maji, iache ielee kwa nukta chache, kisha iinue taratibu ikiwa tambarare. Itaondoka na utando. Rudia mpaka uso uwe safi.

Hoja ya mama kuhusu mafuta ya nazi ina mantiki ya jikoni, nami naiheshimu, lakini tangi si jikoni. Mafuta ya mimea hubadilika yanapokaa muda mrefu mahali penye hewa na unyevu: huchacha, hunata, na mwisho hubaki kama ulimbo unaokamata uchafu, yaani hufanya kinyume cha kulainisha. Yakiingia majini bakteria huyala, na katika kuyala hutumia hewa ambayo samaki wanaihitaji. Hali kadhalika mafuta ya alizeti, ya zeituni na samli.

Grisi ya beringi ndiyo ninayoiogopa kuliko zote, na nakuomba umshukuru jirani yako na umkatalie. Ni mafuta ghafi yaliyosafishwa na kuzitishwa, kwa kawaida kwa sabuni ya madini ya lithiamu, kisha kutiwa viungo vya kuzuia kutu na msuguano ambavyo havikukusudiwa kukutana na kiumbe hai. Ziko pia grisi zenye unga wa shaba, za rangi ya kahawia inayometa, ambazo mafundi hupaka kwenye nati ili zisigande. Shaba ni adui mkubwa wa viumbe wa majini. Konokono na kamba hufa kwa kiasi kidogo sana, na samaki nao hudhurika. Dawa za kupuliza za kulegeza nati zilizoshika kutu ziepuke vilevile, hata zile zilizoandikwa silikoni ubavuni, kwa kuwa ndani ya kopo silikoni hiyo imechanganywa na viyeyushi vya mafuta ghafi ili iweze kupulizika.

Sasa ununuzi. Tafuta maandishi mawili kwenye tyubu. La kwanza liseme kwamba msingi wake ni silikoni. La pili lionyeshe kwamba imeruhusiwa kugusa maji ya kunywa au chakula. Alama utakayokutana nayo mara nyingi ni ya NSF, shirika la Marekani lililoanzishwa mwaka 1944 kushughulikia viwango vya usafi na afya ya umma. Ikiandikwa NSF/ANSI 61, maana yake bidhaa imepimwa kwa matumizi katika mifumo ya maji ya kunywa, na hiyo ndiyo ninayoipenda zaidi kwa kazi yetu, kwa sababu kipimo chake kinahusu kile kinachoweza kuhamia ndani ya maji. Ikiandikwa NSF H1, maana yake ni kilainishi kinachoruhusiwa mahali ambapo huenda kikagusa chakula kwa bahati mbaya. Usichanganye H1 na H2, maana H2 ni ya mashine ambazo haziwezi kabisa kukutana na chakula. Bidhaa za Uingereza huweza kuwa na alama ya WRAS, nayo inahusu mabomba ya maji.

Uwe mwangalifu hapa, dada. Alama ya H1 peke yake haitoshi, kwa kuwa zipo grisi za viwanda vya chakula zilizotengenezwa kwa mafuta meupe ya asili ya mafuta ghafi, na hizo hupata H1 bila taabu. Zingekuwa salama kwa samaki, na zingeivimbisha pete yako mpya kama yalivyofanya mafuta ya mgando. Ndiyo maana nasisitiza usome maandishi yote mawili, na kama muuzaji hana tyubu yenye maandishi, amekuwekea kijiko kimoja kwenye mfuko wa nailoni, usinunue. Mfano mmoja wa grisi inayokidhi masharti yote mawili ni Molykote 111, ambayo mafundi hutumia kwenye vali na oringi za maji ya kunywa; siyo ya pekee, nami sikulazimishi jina, ila ukiwa nalo ni rahisi kumweleza muuzaji unataka kitu cha namna gani.

Kuhusu mahali, usianze na duka la vifaa vya ujenzi. Anza na watu wanaouza na kuhudumia mashine za kuchuja maji ya kunywa majumbani, kwa sababu vyombo vya mashine hizo hufungwa kwa oringi zile zile na wao hulainisha kila wanapobadilisha vichujio. Mafundi wa mashine za kahawa katika hoteli nao huwa nayo. Ukiwa na ndugu Zanzibar au Mafia, vituo vya kupiga mbizi hutumia grisi ya silikoni kwenye pete za tochi na za vikasha vya kamera. Tyubu ndogo ya gramu 10 itakutosha kwa miaka, ukizingatia kipimo nitakachokueleza.

Pete mpya ni lazima. Njia bora ni kuagiza pete halisi kwa jina na namba ya modeli iliyobandikwa kwenye kichwa cha mota. Ikishindikana, maduka yanayouza oringi za mashine yataweza kukutafutia inayolingana, lakini usiende na pete ya zamani ukasema nataka kama hii. Pete iliyovimba itakudanganya ukubwa, na utarudi nyumbani na nyingine isiyokaa. Pima mfuo wenyewe: kipenyo chake, upana wake na kina chake, kwa milimita, na umwonyeshe muuzaji vipimo hivyo, ukiweza, nenda na kichwa cha mota chenyewe. Omba EPDM au nitrili ya matumizi ya maji ya kunywa.

Wakati unasubiri pete, usiendelee na mpango wa karai. Karai linafaa kwa tone moja moja la bahati mbaya, na hata chujio likipona nakushauri lisimame ndani ya karai daima, lakini uvujaji ulioko jirani na mota ya umeme na unaozidi siku hadi siku ni jambo la kusimamisha. Kumbuka pia kwamba maji ya tangi lililo mita moja juu ya chujio hukandamiza maungio hayo usiku na mchana, hata umeme ukiwa umekatika, na maungio yakiachia kabisa maji yatashuka kupitia paipu ya kuvutia hadi usawa wa mdomo wake. Tangi la mzee linaweza kuishia sakafuni usiku mmoja. Nunua pampu ndogo ya hewa na chujio la sponji, na ndani ya tangi, karibu na sponji hiyo, weka kwenye kimfuko cha wavu sehemu ya vifaa vya kuchujia ulivyovitoa katika mkebe, bila kuvisafisha. Juu ya vifaa hivyo wanaishi bakteria wanaogeuza amonia ya kinyesi cha samaki kuwa nitriti na kisha nitrati. Kwa samaki wako jambo hili ni zito kuliko kwa samaki wengine: maji yanayofanana na ya Ziwa Tanganyika yana pH, yaani kipimo cha uasidi na ualkali wa maji, inayozidi 8, na kadiri pH inavyopanda ndivyo sehemu kubwa zaidi ya amonia inavyokuwa katika umbo lile lenye sumu kali. Kiasi ambacho kingevumilika katika maji ya kawaida kinaweza kuua katika maji yenu.

Siku pete itakapofika, tenga saa moja isiyo na haraka. Chomoa plagi ukutani, usizime tu swichi. Funga koki zote mbili za paipu, zitenganishe, na ubebe mkebe hadi mahali unapoweza kumwaga maji. Vifaa vya kuchujia vilivyobaki viweke katika ndoo yenye maji ya tangi, kwa kuwa maji ya bomba yenye klorini huua bakteria wale niliowataja. Toa pete ya zamani kwa kidole au kijiti cha meno cha mbao. Kisu na bisibisi huacha mkwaruzo kwenye plastiki ya mfuo, na mkwaruzo mmoja mwembamba kama unywele unatosha kupitisha maji milele, hata pete iwe mpya.

Kisha safisha mfuo, na hapa nakuomba utumie muda kuliko mahali pengine popote. Lazima uondoe mafuta ya mgando yote, la sivyo pete mpya itaanza kuyanyonya siku hiyo hiyo. Yafute kwa karatasi kavu mara kadhaa mpaka karatasi itoke bila kung'aa, halafu, mbali kabisa na tangi, sugua mfuo pamoja na ukingo wa mkebe kwa mswaki laini, maji ya uvuguvugu na tone moja la sabuni ya vyombo isiyo na manukato, na usuuze kwa maji mengi, tena na tena, mpaka usisikie utelezi wowote kwenye ncha ya kidole. Sabuni huharibu ute unaolinda mashavu na ngozi ya samaki, kwa hiyo suuza kuliko unavyodhani inahitajika. Ukikuta ukoko mweupe mgumu, hiyo ni chokaa, nayo ni ya kutarajiwa katika tangi la maji magumu kama lako. Huenda hata uvujaji wa kwanza, kabla ya mafuta ya mgando, ulisababishwa na chokaa hiyo na si kukauka kwa pete. Weka pamba iliyolowa siki nyeupe juu yake kwa dakika 15, sugua, suuza. Mwisho, angalia mwili wa mkebe kwenye mwanga, uone kama una ufa, na vibano vinavyoshika kichwa kama bado vinakaza, kwa sababu hakuna grisi inayotibu ufa wala kibano kilicholegea.

Kipimo cha grisi ni hiki: punje moja ya mchele kwa pete nzima, na kama pete ni kubwa sana, punje mbili. Iweke kati ya kidole gumba na cha shahada, zungusha pete taratibu kati ya vidole hivyo mpaka yote ing'ae, huku ukihisi kama kuna chembe ya mchanga au unywele ulionata. Mng'ao ndio unaoutaka. Ukiona rangi nyeupe ya grisi imejaa kwenye mfuo, umezidisha, futa. Maji yanazuiliwa na mpira unaobanwa sawasawa kati ya plastiki mbili, na kazi ya grisi ni kuufanya mpira huo uteleze na kukaa mahali pake bila kujikunja wala kujinyonga wakati unapofunga kichwa. Grisi ya ziada haizuii tone hata moja. Hukusanya uchafu na kuusogeza pale usipotakiwa.

Oringi ndogo za kwenye koki zipake vivyo hivyo, kwa mguso tu. Kijiti cha impela, yaani kile kinachozungukiwa na sumaku ndani ya mota, usikipake kitu. Kimetengenezwa kulainishwa na maji yenyewe, na grisi hapo hukamata mchanga na kukila.

Funga kichwa kwa kukisukuma chini wima, bana vibano vilivyokabiliana kwa pamoja, jaza chujio maji, na kabla ya kuchomeka plagi lifute nje lote likauke. Lisimamishe juu ya karatasi kavu ndani ya karai, ufungue koki, na usubiri dakika 30 bila umeme. Karatasi ikibaki kavu, washa, uhakikishe waya wa umeme unaning'inia chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone likishuka kwenye waya lidondoke sakafuni na lisifike kwenye plagi. Angalia karatasi baada ya saa 2, kabla ya kulala, na asubuhi yake. Vifaa vile vya kwenye kimfuko cha wavu virudishe ndani ya mkebe siku hiyo hiyo, lakini sponji na pampu ya hewa viache viendelee kufanya kazi kwa wiki mbili zaidi, mpaka uwe na hakika kwamba chujio limerudia kazi yake.

Baada ya hapo, kila unapofungua chujio kwa usafi wa kawaida, futa pete, ikague, na uipake punje ile ile. Ukiikunja kidogo na ukaona nyufa ndogo, au ukaona upande wake wa mviringo umekuwa bapa wenye kona, ibadilishe bila kungoja ivuje. Ninakuomba ununue pete mbili badala ya moja, na ile ya pili uihifadhi ikiwa kavu ndani ya mfuko, mbali na jua, ndani ya kabati lile lile la tangi, pamoja na tyubu ya grisi, ili watoto wako nao wajue vilipo.

Mshauri wako